Wingu la kompyuta kwa ofisi ndogo ya Unguja na Pemba: kipi kipandishwe, kipi kibaki mkononi

Mpaka 2010 Pemba iliwasha taa kwa majenereta ya dizeli ya Wesha. Ilibidi mashine iwe jirani, mafuta yaletwe kwa chombo, na fundi asiwe mbali nayo. Kisha ukaja waya wa baharini kutoka Tanga. Mashine ikawa haionekani tena, na mwenye nyumba wa Chake Chake hana haja ya kujua inafanana vipi. Unguja ilishazoea hali hiyo tangu 1980, ulipolazwa waya wa Ras Kiromoni hadi Ras Fumba. Wingu la kompyuta ni jambo la namna hiyo hiyo, ila kinachopita kwenye waya ni kazi ya kompyuta: kuhifadhi, kuhesabu, kutafuta, kutuma. Badala ya kununua mashine na kuiweka chumba cha nyuma, unatumia mashine ya mwengine iliyo mbali.

Jina lenyewe linapoteza watu, kwa sababu hakuna kitu angani. Faili ulilolihifadhi "kwenye wingu" limo ndani ya diski ya seva, yaani kompyuta inayohudumia kompyuta nyengine, kwenye jengo lenye walinzi, viyoyozi na majenereta yake. Microsoft ina majengo hayo Johannesburg tangu 2019, Amazon iko Cape Town tangu 2020, Google Johannesburg tangu 2024, na mengi zaidi yako Ulaya na Marekani. Data ya kutoka visiwani inafika huko kwa nyaya za fiba zilizolala chini ya bahari.

Mwaka 2011 taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, ilitaja sifa tano za huduma inayostahili kuitwa ya wingu. Anayetumia mita ya Tukuza, ya umeme wa kulipia kabla wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, anazielewa bila ya mwalimu. Unajihudumia mwenyewe saa yoyote, humsubiri karani. Unaifikia kwa kifaa chochote chenye mtandao. Mashine ni za wengi kwa pamoja. Ukihitaji zaidi unapata papo hapo, ukihitaji kidogo unapunguza. Na matumizi yanapimwa. Seva moja uliyoikodi kwa mkataba wa mwaka mzima, isiyoongezeka wala kupungua, ni seva ya mbali tu, hata muuzaji aiite wingu.

Mfano wa umeme unatufundisha na upande wa pili. Tarehe 10 Desemba 2009 umeme wa waya ulikatika na Unguja ikakaa gizani hadi Machi 2010. Aliyekuwa na jenereta dogo aliuza barafu, na asiyekuwa nalo alifunga. Tarehe 12 Mei 2024 zilikatika nyaya mbili za intaneti, EASSy na SEACOM, na Afrika Mashariki ikakaa siku kadhaa na mtandao wa kukwama kwama. Kwa hiyo kanuni ya mwongozo huu ni moja: kazi ipande kwenye wingu, lakini kile kinachohitajika kufungulia mlango kesho asubuhi kiwe na nakala mkononi.

Tiketi, chombo chenye nahodha, au jahazi tupu

Huduma za wingu zinakodiwa kwa namna tatu, na wengi wanaopoteza pesa wamekodi namna isiyowafaa.

Ya kwanza ni kama kukata tiketi ya boti: unapanda na unafikishwa. Gmail, Google Drive, Dropbox, Microsoft 365 na iCloud ziko hapa. Injini na nahodha si shughuli yako, ila neno la siri ni lako, na unachokifuta umekifuta wewe. Ya pili ni kukodi chombo pamoja na nahodha na mabaharia, wewe ukaleta shehena yako tu. Hii ni ya waandishi wa programu, ambao wanaleta msimbo wao na mwenye huduma anauendesha. Ya tatu ni jahazi tupu. Unapewa seva na ufunguo, na tanga, sukani na mabaharia unatafuta mwenyewe. Usipokalafati, yaani usiposasisha mfumo na kufunga matundu, litazama na mwenye jahazi hana lawama.

Ofisi ya watu watatu, skuli, nyumba ya wageni, duka la spea au chama cha wakulima wa mwani vinahitaji tiketi. Fundi anayekuja na pendekezo la seva ya kukodi kwa ajili ya kuhifadhi barua na picha anakuuzia jahazi uvukie mfereji.

Pima mzigo kabla ya kupakia

Tuchukue nyumba ya wageni ya vyumba vinane, Jambiani. Daftari la kuweka nafasi kwenye jedwali ni jepesi sana, halifiki MB 1 kwa mwaka. Nakala za pasi za wageni zikiskaniwa kwa nukta 200 kwa inchi bila ya rangi ni kama KB 300 moja. Wageni 600 kwa mwaka ni MB 180. Picha za vyumba na ufukwe, 2,000 kwa MB 3.5 kila moja, ni GB 7. Video za simu zenye ubora wa 1080 zinakula kati ya MB 60 na 130 kwa dakika, hivyo dakika 40 ni kama GB 4. Jumla ni GB 11 na ushei.

Google inatoa GB 15 bure, OneDrive na iCloud GB 5 kila moja, Dropbox GB 2. Kwa hesabu ya haraka GB 15 zinatosha. Hapo ndipo watu wanaponaswa: GB 15 za Google ni chungu kimoja cha barua za Gmail, mafaili ya Drive na picha za Google Photos, na tangu 2024 bakapu (nakala ya akiba) ya WhatsApp ya simu za Android imo humo humo. Chungu kikijaa, Gmail inaacha kupokea barua. Mgeni anaandika kutoka Ulaya kuuliza chumba, barua inamrudia, anaweka nafasi kwengine. Mwenye nyumba anaona msimu umepoa, kumbe ni video za harusi zilizoziba mlango. Kwa hiyo simu ya kazi iwe na akaunti ya kazi, na WhatsApp ya nyumbani iende kwenye akaunti ya nyumbani. Nafasi ikifika GB 12, futa au nunua zaidi.

Kisha pima njia. Kampuni za simu zinatangaza kasi ya kupakua, nawe unahitaji ya kupakia, ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko hiyo. Fungua tovuti yoyote ya kupimia kasi, pima asubuhi, magharibi na usiku, uandike namba ya pili, ile ya kupakia. Namba hiyo iko kwa megabiti, na faili linapimwa kwa megabaiti. Gawa kwa 8. Kasi ya megabiti 2 ni MB 0.25 kwa sekunde. Zile GB 7 za picha zitachukua sekunde 28,000, karibu saa nane bila ya kukatika. Ndiyo maana mzigo wa kwanza unapakiwa usiku, tuseme kuanzia saa tano, na unagawanywa kwa siku tatu au nne. Kumbuka pia kwamba kupakia kunakula bando sawasawa na kupakua. Kabla ya yote, ingia kwenye mipangilio ya Drive na ya Google Photos kwenye simu uzuie kupakia kwa data ya laini, iwe kwa Wi-Fi tu. Asiyefanya hivyo hununua bando la wiki asubuhi na kulikuta limekwisha adhuhuri.

Picha za kumbukumbu tu zipakie kwa ubora uliopunguzwa: Google Photos inaishusha picha hadi megapikseli 16 na video hadi 1080, na kwa tovuti au Instagram hutoona tofauti. Picha za mpigaji wa kulipwa zihifadhi kama zilivyo.

Akaunti

Fungua akaunti kwa jina la biashara, si kwa jina la kijana anayejua kompyuta. Siku akihama, ikiwa akaunti ni yake, daftari zima la nafasi ni lake pia. Neno la siri liwe refu, maneno manne yasiyohusiana yanatosha, na lisitumike pahala pengine popote.

Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani baada ya neno la siri kuulizwa na namba ya muda, siku hiyo hiyo. Wengi huchagua namba za siri zije kwa ujumbe wa simu, nayo ni bora kuliko kukosa kabisa. Lakini laini ikipotea, ikifungwa, au mwenye nayo akiwa safarini bila ya mtandao, ofisi nzima iko nje ya mlango. Afadhali programu ya kutoa namba, inayobadilisha tarakimu kila sekunde 30 na haihitaji intaneti wala laini. Sharti lake ni saa ya simu kuwa sahihi. Ikipotea dakika chache namba zinakataliwa, na watu huanza kulaumu akaunti. Weka tarehe na saa zijirekebishe zenyewe kwa mtandao.

Google itakupa pia namba 10 za akiba, kila moja ya tarakimu nane, zinazotumika mara moja moja. Zichapishe kwenye karatasi, uziweke pamoja na hati ya nyumba. Usizipige picha kwa simu ile ile, maana siku ya kuzihitaji ndiyo siku simu imeibiwa. Na akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili Google inaweza kuifuta pamoja na vyote vilivyomo. Hii imeanza kutekelezwa Desemba 2023. Akaunti ya kikundi kilicholala iingiwe angalau mara moja kila miezi sita.

Kupanga na kupakia

Mafaili yapewe majina yanayojipanga yenyewe: mwaka, mwezi, siku, kisha jambo. "2025-07-14 risiti ZECO" itakaa mahali pake milele. "Risiti mpya ya mwisho 2" haitapatikana wiki ijayo. Folda nne au tano za juu zinatosha: Nafasi, Wageni, Fedha, Picha, Vibali. Ukizidisha, kila mtu ataweka pake na hakuna atakayekuta cha mwenzake.

Kwenye kompyuta sakinisha Drive ya mezani (Google Drive for desktop). Itakuuliza swali moja ambalo wengi wanalipita bila ya kusoma: mafaili yabaki kwenye wingu na kuletwa yanapofunguliwa tu, au yakae na kwenye diski yako pia? Njia ya kwanza inaokoa diski, na laptopu ya GB 128 itaipenda. Lakini mtandao ukikatika utaona majina ya mafaili na hutofungua hata moja. Kwa visiwani chagua ya pili ikiwa diski inatosha; la sivyo chagua ya kwanza, kisha folda za Nafasi, Fedha na Vibali uzifanye zipatikane bila ya mtandao. Picha ziache kwenye wingu.

Nakala za pasi ni jambo la peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zichukuliwe kwa sababu iliyo wazi na zisiwekwe zaidi ya haja yake. Folda ya Wageni isikae wazi kwa wafanyakazi wote. Za mwezi uliopita zifunge kwa programu ya 7-Zip kwa neno la siri, ukichagua usimbaji wa AES-256, kisha ndipo uzipakie na ufute zilizo wazi. Muda ukipita, futa na zilizofungwa. Tabia ya kupiga pasi picha kwa WhatsApp na kuitupa kwenye kundi la wafanyakazi iachwe leo: picha moja inabaki kwenye simu saba, na kwenye bakapu za simu hizo saba.

Mtandao ukikatika

Jedwali la Google linafunguka bila ya intaneti, kwa sharti uwe umeliandaa kabla. Kwenye kompyuta tumia Chrome au Edge, ingia mipangilio ya Drive wakati mtandao upo, washa matumizi ya nje ya mtandao, kisha lifungue jedwali mara moja likamilike kushuka. Kwenye dirisha la faragha haifanyi kazi. Kwenye simu, bonyeza nukta tatu pembeni ya faili uchague lipatikane bila ya mtandao. Halafu lijaribu: zima Wi-Fi na data, fungua, andika neno, funga. Lisipofunguka sasa halitafunguka siku ya giza.

Kuna mtego ndani yake. Mapokezi Jambiani wameandika chumba cha 3, tarehe 12, kwa mgeni aliyepiga simu. Mtandao haupo. Mwenye nyumba yuko Mji Mkongwe, kwake mtandao upo, naye anaandika mgeni mwengine kwenye chumba hicho hicho, kijisanduku hicho hicho. Saa mbili baadaye simu ya mapokezi inashika mtandao, na jedwali linapokea vyote viwili. Kwa kawaida aliyefika mwisho ndiye anayebaki, wa kwanza anafunikwa kimya kimya. Hakuna onyo linalotokea. Wageni wawili wanashuka na masanduku siku moja.

Dawa yake ni utaratibu: mtandao ukikatika sehemu moja, sehemu hiyo inaacha kuandika kwenye jedwali na inaandika kwenye daftari la karatasi lililo na mistari ile ile. Mtandao ukirudi, mtu mmoja anahamisha kutoka karatasi, na kila mstari anaangalia kwanza kama kijisanduku ni kitupu. Daftari la shilingi chache linawazidi werevu wote wa programu.

Mara nyingi mtandao wenyewe uko salama, umeme wa ruta ndio uliokatika. Ruta nyingi zinatumia volti 12 na kama wati 10. Betri ndogo ya ruta ya mAh 8,800 kwa volti 3.7 ina wati-saa 32. Ukitoa kinachopotea njiani, unabaki na saa mbili na nusu hivi. Soma nyuma ya ruta kabla ya kununua: volti lazima zilingane, ampea za betri ziwe sawa au zaidi. Ruta ya volti 9 ukiipa 12 utanunua ruta nyengine.

Nani anaona nini

Kushea kunafanywa kwa namna mbili, kwa barua pepe ya mtu au kwa kiungo kinachofunguka kwa yeyote aliye nacho. Kiungo ni rahisi na ndicho kinachovuja. Kikishatumwa kwenye kundi moja kinapelekwa la pili, na hujui nani anasoma hesabu zako. Kwa Fedha na Wageni tumia barua pepe tu. Mpe mtu haki ndogo inayomtosha: mhasibu asome, mapokezi waandike, mwenye nyumba peke yake ndiye ashee.

Jambo linalosahaulika ni kwamba faili ni la aliyelitengeneza, si la aliyeshewa, na linakula nafasi ya aliyelitengeneza. Mfanyakazi akitengeneza jedwali kwenye akaunti yake kisha akalifuta au akaifunga akaunti, kwenu linatoweka. Kwa hiyo majedwali yatengenezwe ndani ya akaunti ya biashara. Yaliyokwisha tengenezwa kwengine, mwombe ahamishe umiliki. Kwenye akaunti za kawaida za Google anatuma ombi na wewe lazima ulikubali, la sivyo linabaki njiani. Mtu akiondoka kazini fanya mambo matatu siku hiyo hiyo: muondoe kwenye folda, badilisha neno la siri, kisha ingia kwenye orodha ya vifaa ukitoe kifaa chake.

Kusawazisha si kuweka akiba

Hapa ndipo makosa makubwa yanapotokea, maana watu huamini kwamba kikishakuwa kwenye wingu kimepona. Drive, OneDrive na Dropbox kazi yao ni kusawazisha: hali ya huku iwe sawa na ya kule. Ukifuta huku, kunafutwa kule. Kirusi kikifunga mafaili ya laptopu, mafaili yaliyofungwa yanapanda kwa uaminifu ule ule na kufunika mazima. Wingu limefanya kazi yake sawasawa, na wewe umebaki mikono mitupu.

Angalia ajali hii, ambayo ni ya kila siku. Mfanyakazi anataka majina ya wageni yapangwe kwa alfabeti. Anachagua safu ya majina peke yake na kubonyeza kupanga. Majina yanapangika vizuri kabisa. Tarehe, namba za vyumba na malipo yamebaki yalipokuwa. Sasa kila jina liko pembeni ya tarehe ya mtu mwengine, na ukitazama juu juu jedwali linapendeza kuliko jana. Hugunduliwa siku tatu baadaye, mgeni wa kwanza anapofika.

Ukigundua papo hapo, Ctrl na Z. Ukichelewa, usianze kusahihisha kwa mkono. Waambie wote waache kuandika. Kwenye kompyuta, jedwali likiwa wazi, bonyeza Ctrl, Alt, Shift na H kwa pamoja. Pembeni itafunguka orodha ya matoleo ya nyuma, na tarehe, saa na jina la aliyebadilisha. Rudi nyuma mpaka uone mstari mmoja unaoujua kwa yakini, mfano malipo ya mgeni uliyemwandikia risiti. Usirejeshe bado: kwanza tengeneza nakala ya jedwali la sasa, kwa sababu nafasi zilizoandikwa katika siku tatu hizi zimo humo na zitapotea ukirejesha. Kisha rejesha toleo zima, halafu hamisha mistari mipya mmoja mmoja kutoka kwenye ile nakala, ukiilinganisha na barua za wageni. Ni kazi ya saa moja. Kuizuia ni kazi ya dakika mbili: gandisha mstari wa juu, uwaachie wahusika wachache tu haki ya kuhariri safu za tarehe na malipo, na wafundishe kupanga kwa kichujio, kinachobeba mstari mzima.

Mafaili yasiyo ya Google, kama PDF na Word zilizopakiwa, matoleo yake ya nyuma hukaa siku 30 au matoleo 100. Vilivyofutwa hukaa kwenye pipa la Drive siku 30, kisha basi. Kwa hiyo lazima kuwe na akiba iliyo nje ya mzunguko huo. Kipimo cha mafundi ni tatu, mbili, moja: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Kwa nyumba yetu ya Jambiani: laptopu, wingu, na diski ya nje inayokaa Mji.

Kila mwisho wa mwezi ingia Google Takeout, huduma ya kujipakulia data yako, chagua Drive na Gmail, weka vipande vya GB 2 ili mtandao ukikatika usianze upya kizigo cha GB 10, uombe. Barua yenye kiungo itakuja baada ya saa chache au siku. Kiungo kinakufa baada ya kama wiki, hivyo pakua mapema. Nakili kwenye diski, chomoa diski. Diski inayobaki imechomekwa siku zote itafungwa na kirusi pamoja na laptopu.

Chumvi ya pwani ni adui mwengine. Diski iliyoachwa kwenye rafu ya nyumba ya ufukweni, masika mawili tu, meno ya waya yanaota ukungu wa kijani. Iweke kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko cha mpira, pamoja na vifuko viwili vitatu vya punje za kunyonya unyevu. Zile za buluu zikigeuka waridi zimeshiba maji, zibadilishe. Ukiwa na diski mbili, zibadilishane kila mwezi: moja ikipanda daladala ya Mji, nyengine inateremka Jambiani.

Ukilazimika kukodi jahazi

Ikiwa una mfumo wako, mathalani wa skuli au wa duka lenye matawi Wete na Darajani, utahitaji seva. Kwa tovuti ndogo kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) ya GB 1 inajikongoja, GB 2 inatulia. Chagua eneo lililo karibu. Johannesburg ni kama kilomita 2,500 kwa mstari wa moja kwa moja, na mwanga ndani ya fiba unakwenda kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi haipungui milisekunde 25. Frankfurt, karibu kilomita 7,000, haipungui 70, na kwa nyaya zinavyozunguka ni zaidi. Mfumo wa kubonyeza bonyeza mara mia kwa saa utaihisi tofauti hiyo. Ila kumbuka ajali ya Mei 2024 ilitokea kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, njia ile ile. Akiba ya seva iweke Ulaya.

Siku ya kwanza: ingia kwa ufunguo, yaani faili la siri lililo kwenye kompyuta yako, badala ya neno la siri, funga milango yote (namba ambazo seva inapokelea mawasiliano) isipokuwa 80 na 443 za tovuti, na mlango 22, wa kuiendeshea seva, uachie anwani yako tu. Washa masasisho ya usalama yajifanye yenyewe. Hati ya bure ya Let's Encrypt, inayoifanya tovuti ifunguke kwa https, hudumu siku 90, hivyo hakikisha kujihuisha kwake kumewashwa, maana tovuti nyingi "zinakufa" baada ya miezi mitatu kwa sababu hiyo tu.

Bili inakuja kwa dola na inakatwa kwenye kadi. Weka kengele ya gharama kabla ya kuwasha seva, iite ukifika nusu ya bajeti. Kuzima seva hakuzimi kila kitu: diski yake inaendelea kulipiwa, na Amazon tangu Februari 2024 inatoza dola 0.005 kwa saa kwa kila anwani ya IPv4 ya nje, yaani namba inayoitambulisha seva kwenye intaneti, kama dola 3.65 kwa mwezi, itumike isitumike. Usiyoitaka ifute kabisa. Kadi ikiisha muda au ikikosa salio huduma inasimama, na baada ya muda wa kusubiri data inafutwa. Andika tarehe ya kadi kuisha kwenye kalenda, na usajili kadi ya pili.

Jaribio la kurejesha

Kila miezi mitatu mtu asiyekuwa fundi apewe diski ya akiba na laptopu isiyo na mtandao. Aulizwe: nani alilala chumba cha 5 tarehe fulani, alilipa kiasi gani, na barua yake ya kwanza iko wapi? Apewe dakika 30. Vipande vya Takeout lazima vifumuliwe vyote pahala pamoja. Jedwali litakuwa limegeuzwa kuwa la Excel, hivyo laptopu iwe na LibreOffice, programu ya bure inayofungua Excel. Barua za Gmail ziko kwenye faili moja kubwa la mbox linalofunguka kwa Thunderbird, programu ya bure ya barua pepe. Kinachomkwamisha kiandikwe na kirekebishwe wiki hiyo hiyo, kisha diski irudi kwenye chombo chake na tarehe ya jaribio iandikwe juu ya kifuniko kwa kalamu ya wino mzito.